Mikeka ya Pimbi na Ubao wa Kiboko

Aliyenisimulia kwanza ni wifi yangu Mwanjaa, anayetengeneza kompyuta kule Muheza. Alinisimulia tukichambua mchele, nami nawasimulia kama nilivyopokea, isipokuwa matusi nimeyapunguza.

Haya, hadithi iko mlangoni!
— Ifungulieni iingie!
Ina miguu mingapi?
— Minane, na haijanawa hata mmoja!

Hapo kale, lakini si kale sana, maana wanyama walikuwa wameshafungua tovuti, alikuwepo Pimbi. Alikuwa mdogo, mjane, mama wa watoto watano. Alisuka mikeka. Alisuka, alisuka, mpaka pango likajaa mikeka na watoto wakawa wanalala nje juu ya mwamba. Na masika yalikuwa yanakuja. Mikeka isipotoka, watoto watalowa, na mtoto wa pimbi akilowa hukohoa mpaka Juni.

Pimbi akafungua tovuti, akaiita Mwambani. Akapanga picha za mikeka, akakaa kungoja. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu aliingia mtu mmoja, kumbe ni yeye mwenyewe.

Nchi ile, mwenye kutafuta kitu alimuuliza Buibui. Ukitaka jembe, Buibui atakuambia liko wapi. Ukitaka mchumba, atakuambia pia, japo hapo hudanganya. Pimbi akamwendea, akamuuliza mbona hamwelekezi mtu kwake. Buibui akajibu kwamba hamjui. Yeye hutembea, titi titi titi, kutoka tovuti anayoijua kwenda ile iliyotajwa humo, na kutoka hiyo kwenda nyingine iliyotajwa humo. Mwambani haikutajwa popote. Pimbi akasema basi anajitaja mwenyewe. Buibui akamwonyesha kapu la waliojitaja wenyewe, limejaa mpaka mdomoni.

"Tia jina lako humo, mama," akasema. "Nitalisoma."

"Lini?"

"Nikilifikia."

Pimbi akatia jina. Akatazama mawingu. Akaona mvua ina haraka kuliko kapu.

Basi akaenda kwa Kiboko. Kiboko alikuwa na tovuti kubwa kuliko zote, Bwawani, na Buibui alipita hapo kila alfajiri. Ukitajwa Bwawani, umejulikana. Kiboko alilijua hilo, ndiyo maana alinenepa.

Pimbi akapiga magoti, akaomba atajwe. Mstari mmoja tu, hata chini kabisa.

"Nusu ya mikeka," Kiboko akasema. Bwaa, akajitumbukiza majini.

Siku ya pili Pimbi akarudi, akapiga magoti, akaomba.

"Mikeka yote isipokuwa mitano," Kiboko akasema. Bwaa.

Siku ya tatu Pimbi akarudi, akapiga magoti, akaomba.

"Mikeka yote," Kiboko akasema, "na watoto waje kunisugua mgongo. Wewe pimbi, nani atakutaja bure?" Bwaa.

Pimbi akageuka aende zake. Hapo ndipo alipouona ubao. Kiboko alipenda kujisifu kwa wingi wa wageni, kwa hiyo penye lango la Bwawani aliweka ubao unaojiandika wenyewe: kila anayeingia, na tovuti aliyotokea. Kila jioni aliusoma, lakini alisoma hesabu ya chini tu, akacheka, akalala. Majina hakuyasoma. Pimbi akayasoma. Mgeni wa mia tatu na nne: ametokea Mwambani. Ndiye yeye mwenyewe, na safari zake mbili za kwanza zimo pia, zimezama katikati ya majina ya wengine.

Akaenda nyumbani, akaita mashangazi, mabinamu, na yule mjomba asiyealikwa popote. Akawaagiza waingie kwanza Mwambani, kisha wapitie mlango wake waende Bwawani. Wakifika wasiombe kitu. Wasalimie, waondoke.

Wakaenda. Pu, shikamoo Mzee. Pu, shikamoo Mzee. Pimbi thelathini na mmoja, shikamoo thelathini na moja. Kiboko aliitikia marahaba mpaka koo likamkauka, akasema kweli yeye ni maarufu, hata pimbi wana adabu mbele yake.

Alfajiri Buibui akapita, titi titi titi. Akafika kwenye ubao. Ametokea Mwambani. Ametokea Mwambani. Ametokea Mwambani. Buibui akasimama. Ni wapi huko panapotajwa mara thelathini na nne na Kiboko, asiyemtaja hata mama yake? Akalifuata jina, titi titi titi, akatokea pangoni. Akaona mikeka.

Adhuhuri Nyumbu akauliza wapi kuna mikeka. Buibui akasema Mwambani. Swala akauliza, akaambiwa Mwambani. Hata aliyeuliza habari za magodoro aliambiwa Mwambani. Mikeka ikatoka, watoto wakaingia, na tone la kwanza la masika likaanguka juu ya mwamba mtupu, ta!

Kiboko akaja mbio, anahema. Akataka kujua nani amemtaja huyu bila ruhusa yake.

"Wewe, Mzee," Pimbi akasema.

"Mimi?"

"Mara thelathini na nne. Ahsante sana, watoto wanakusalimu."

Kiboko akarudi, akauvunja ubao, pwaa. Tangu siku hiyo hajui ana wageni wangapi, ndiyo maana kila mara hutoa macho majini kuchungulia kama kuna aliyekuja.

Hapo ndipo nilipoishia, aliyelala asiamshwe!
— Alale, atasimuliwa na mwenzake!

Funzo la hadithi hii ni kwamba mtu mwema hajitangazi. Hukaa kimya kwake, huwaheshimu wakubwa, na Mungu akipenda atajulikana tu.

Nami asubuhi baada ya Mwanjaa kunisimulia nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda ofisi ya kata. Sikuwa na shida yoyote. Nikafungua kitabu cha wageni, na penye "Anakotoka" nikaandika, kwa herufi kubwa, jina la tovuti yangu ya kofia za watoto. Penye "Sababu ya kuja" nikaandika: Kusalimia.