Kalunguyeye na Alama za Milangoni

Paukwa!
Pakawa!
Walio mbali?
Wasogee!
Wenye usingizi?
Wajifinye!

Hapo zamani za kale, wanyama wa bondeni walikuwa na mlinda njia na mpeleka mizigo wao, Kalunguyeye. Kila mlango ulikuwa na alama, na kila mzigo ulichorwa alama ya mwenyewe. Kalunguyeye alilinganisha, akapeleka. Aliionea fahari kazi yake, tena sana.

Alama ya Mama Digidigi ilikuwa duara lenye mstari katikati. Siku moja mwanawe akashikwa na homa. Kima, mganga wa mlimani, akatuma kibuyu cha dawa, amekichora alama hiyo.

Kalunguyeye akakitazama, akakigeuza, akakitazama tena. "Hapa mstari umelala juu ya duara. Mlangoni kwa Mama Digidigi, duara limelala juu ya mstari. Si chake!" Akakirudisha mlimani, na dawa ikachacha njiani.

Homa ikapanda. Mama Digidigi akaja analia. "Ndugu yangu, mimi nachora kwa ukwato, Kima anachora kwa kidole. Ulitaka aazime ukwato wa nani?"

Maneno yakamchoma Kalunguyeye. "Basi, kuanzia leo kinachofanana kipite."

Fisi akasikia. Kulipokucha, mlango wake ulikuwa na alama mpya: duara lenye mstari, ila mstari umepinda kidogo. Kibuyu cha pili kikaja. "Changu hicho!" akasema Fisi, meno nje. Kalunguyeye akaona vinafanana, akampa. Fisi akabugia yote akidhani ni asali.

Mtoto akaacha kunyonya. Kima akaleta habari: mizizi iliyobaki inatosha kibuyu kimoja tu.

Siku hiyo Kalunguyeye hakula. Aliona aibu, na aliogopa. "Nilipobana, nilimnyima mwenye haki. Nilipolegeza, nilimpa mwizi." Akatandaza majivu chini. Akaichora alama ya ukwato kwa mkono wake mwenyewe, duara kwanza, mstari baadaye. Akaichora ya kidole vivyo hivyo. Zikawa moja! Akaichora ya Fisi. Mstari ukapinda.

Kibuyu cha tatu kikaja. "Changu hicho!" akasema Fisi.

"Njoo majivuni," akasema Kalunguyeye. Akachora, wote wakaona. "Si chako. Na alama yako kaifute, uchore nyingine."

"Unanibagua kwa sababu ya kucha zangu!"

"Kucha, kwato, mdomo, vyote nitavipokea, Bwana Fisi. Ila hutachora alama inayokaribia ya jirani yako hata macho yashindwe kuwatenga."

Kalunguyeye akakimbia na kibuyu hadi kwa Mama Digidigi, miiba imesimama. Mtoto akanywa, akatoka jasho, akalala. Alipoamka akaomba ziwa.

Mvua ziliporudi, kikaja kibuyu cha maji chenye alama ya ajabu, imechorwa kwa pua, imejaa matope. Kalunguyeye hakucheka. Akaichora upya majivuni, duara kwanza, mstari baadaye, na miguu yake ikampeleka kwa Mama Digidigi. Kumbe ni yule mtoto aliyepona, amemtumia mama yake maji.

Enyi wasikilizaji, mpokeeni kila mtu kwa mkono alionao, lakini mjue kwanza ni nani. Naye Fisi? Ile dawa ilikuwa chungu mno. Mnadhani anacheka, kumbe bado anatema.

Ngano yangu nimeitua. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Fisi.