Ngoma Ndani ya Mvule

Paukwa!

Pakawa!

Aka! Hiyo ni sauti, au mbu kapita? Kaeni wima, mabega nyuma, vuteni pumzi. Na wewe shemeji uliyeukumbatia mto pale pembeni, nakuona. Haya tena. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Sikilizeni sasa, wakubwa kwa wadogo.

Hapo zamani za kale palikuwa na hondohondo wa kike, jina lake Mwanasha. Mdomo mkubwa, kope ndefu, moyo mwepesi. Mumewe aliitwa Hondo. Na Hondo alikuwa na mama yake mzazi, naye akiitwa Bi Kidomo. Nasikia wengine mmeshaanza kucheka. Ngojeni, bado.

Mnajua desturi ya hondohondo? Binadamu akijifungua hukaa ndani arobaini yake, analetewa uji, analetewa supu. Hondohondo amezidi. Jike akitaka kutaga huingia ndani ya tundu la mti, na mlango ukazibwa kwa udongo. Ukazibwa kabisa! Hubakizwa ufa mwembamba, upana wa mdomo, basi. Humo ndani hutaga, huatamia, hulea. Manyoya yake ya mabawa hupukutika, yakaota mapya. Dume yuko nje, kazi yake ni kuleta chakula na kukipitisha ufani. Hivyo hivyo, mpaka watoto wakomae, ukuta uvunjwe, watoke wote.

Basi Mwanasha akaingia ndani ya mvule. Hondo akaleta udongo, mke akapiga lipu kwa ndani. Tap, tap, tap. Mlango ukafungwa. Akataga. Akaatamia. Wakaanguliwa watoto watatu: Kwanza, Pili, na wa mwisho wao, Kitinda.

Hapo ndipo ulipoanza ulaji.

Hondo alikuwa baba wa kazi. Ruka, leta kuyu. Ruka, leta panzi. Ruka, leta mjusi. Na Bi Kidomo naye akaja kusimamia uzazi wa mkwe wake. Alikaa kwenye tawi lililoelekea ufa, akakaa hasa, akaenea. Kila chakula kilichopita, alikionja kwanza.

"Nione kama kimeiva." Nyam! "Hiki kimeiva." Nyam! "Na hiki kimeiva." Nyam! Hata panzi alikuwa ameiva.

Kisha anaingiza mdomo ufani na kutoa amri: "Kula, mwanangu, na watoto wale! Mzazi hainuki. Mzazi hanyooshi hata ukucha. Na mtoto wa ndani hafurukuti. Kuleni mlale, laleni mnone! Sisi ndivyo tulivyolelewa."

"Ndiyo, mama," asema Mwanasha. Angesema nini? Mkwe ni mkwe.

Wakala, wakalala. Wakala, wakalala. Kwanza akawa kama nazi. Pili akawa kama nazi mbili. Kitinda, jamani, Kitinda alikuwa mviringo hata hujui kichwa kiko upande gani. Ukitaka kumbusu, sharti uulize kwanza.

Siku moja Mwanasha akasikia sauti chini ya mti, sauti nyororo kama mlenda.

"Bibi yenu amesema kweli. Kuleni, wajukuu zangu, msijichoshe. Mtoto mzuri ni mtoto mnene."

Akachungulia ufani. Alikuwa Kenge. Huyu alishajaribu kupanda juu zamani, Mwanasha akamgonga pua, ko! Akashuka mbio. Sasa ameona heri kungoja. Kalala chali chini ya mvule, kinywa wazi. Kila kuyu lililomponyoka Hondo, Kenge alilipokea. Na huku akijiimbia kwa raha: "Ukuta utavunjwa. Asiyeweza kuruka ataanguka. Akianguka, ataangukia wapi? Hapa!" Akapiga taya zake, kap, kap. "Na yule wa mwisho, yule wa mviringo, huyo sitamtafuna. Nitammeza mzima."

Mwanasha akautoa mdomo ufani. Akamgeukia Kitinda.

"Mwanangu, inua bawa."

Kitinda akainua. Bawa likafika nusu ya njia, likarudi.

"Mama, bawa limelala."

"Liamshe."

"Limekataa, mama."

Mwanasha akalia. Nawaambia kweli, alilia. Mtoto wa kuangukia kinywani mwa Kenge ni wake yeye, si wa jirani. Na yeye mwenyewe manyoya yake ndiyo kwanza yanachipua, hawezi kutoka akampigania. Akamwita mumewe ufani.

"Baba Kwanza, watoto hawawezi kuinua bawa. Nataka niwachezeshe humu ndani. Nao wapate nguvu, nami nipate nguvu."

Kabla Hondo hajajibu, tawi likatikisika. "Nini?" asema Bi Kidomo. "Kucheza? Ndani ya arobaini? Mti utapasuka! Watoto watamwagika!"

Hondo akamtazama mkewe. Akamtazama mama yake. Akajikuna. "Mama amesema," akasema, akaruka zake kutafuta panzi. Baba mzima!

Mwanasha akafuta machozi. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema. "Humu ndani nimo mimi." Akawageukia watoto. "Simameni!"

"Tumesimama, mama."

"Hamjasimama. Mmelala wima."

Tundu lenyewe lilikuwa dogo, sawa na chungu. Ukikunjua bawa, umempiga mwenzako kofi. Basi wakacheza kwa zamu. Mmoja katikati, wengine wamejibandika ukutani kama mijusi kafiri. Na Mwanasha akatunga wimbo. Nipokeeni:

Bawa juu, pu!
Bawa chini, pa!
Mkia huku, mkia kule,
Ukikaa utaoza!

Tena! Shemeji, na wewe. Mkono mmoja watosha, mwingine ushikilie huo mto wako.

Bawa juu, pu!
Bawa chini, pa!

Kwanza akacheza, akahema. Pili akacheza, akahema. Kitinda akacheza mara moja, akaanguka juu ya Kwanza, pwata! Kwanza akaanguka juu ya Pili, pwata! Mama akawa chini yao wote.

Bi Kidomo akatega sikio. "Kuna nini humo?"

"Tumelala, mama," asema Mwanasha kutoka chini ya watoto. "Kwanza anakoroma."

Pu! Pa!

"Mbona anakoroma kwa mdundo?"

"Ameshiba, mama."

Tangu hapo hakulishwa mtu akiwa amelala. Kuyu likiingia ufani, Mwanasha anapanda nalo juu, analibandika kwenye nyufa za dari. Anayelitaka alipandie. Kitinda apanda, ateleza. Apanda, ateleza. Akifika ameshasahau alikuja kufanya nini, lakini amefika.

Na kulikuwa na mchezo mwingine. Huu watoto waliupenda kuliko yote, nami naona aibu kuusema, lakini nitausema. Hondohondo ni ndege safi, hachafui ndani. Akibanwa hugeuza mgongo ufani, anapiga nje. Siku zile za kulala na kunona walikuwa wameiacha hata hiyo. Uvivu ulifika huko! Nyumba ikanuka mpaka inzi wakahama. Mwanasha akasema, "Sasa tunashindana. Panda ukuta, geuka, inua mkia, lenga!"

"Tulenge nini, mama?"

"Kuna kitu chini, kina kinywa wazi."

Pyuu!

Kenge akalamba midomo. "Mvua ya jua," akasema. "Lakini mbona ina chumvi?"

Watoto wakacheka mpaka wakaishiwa pumzi. Wakapanda tena. Pyuu! Wakapanda tena. Pyuu! Kucheka nako ni kazi, msidhani, tumbo linafanya kazi kweli kweli. Hata Mwanasha alilenga, tena mama mtu mzima, mwenye heshima zake.

Siku zikaenda. Bawa la Kwanza likainuka. Bawa la Pili likainuka. Manyoya ya Mwanasha yakaota, yakang'aa. Kitinda bado. Leo bawa lainuka kidogo, kesho kidogo zaidi. Usiku Mwanasha hulipapasa lile bawa dogo, akaomba Mungu. Hata asubuhi moja, katikati ya wimbo, bawa la Kitinda likapanda, likapanda, likagonga dari. Ko!

"Mama, nimejigonga!" Kitinda akalia kwa maumivu. Mwanasha akalia kwa furaha. Wakakumbatiana, wanalia, kila mmoja na lake.

Siku ya kutoka ikafika. Ukuta ukavunjwa, ko, ko, ko! Jua likaingia. Mwanasha akatoka wa kwanza, fuuu! Kwanza akatoka, fuuu! Pili akatoka, fuuu! Kitinda akasimama mlangoni. Akatazama chini. Kenge kalala chali, kinywa kile kile.

"Mama, ataniona!"

"Ameshakuona, mwanangu. Imba."

Kitinda akaimba kwa kisauti chembamba. Akajitupa. Akashuka. Akashuka. Mwanasha juu ya tawi hapumui. Kenge kafumba macho kwa utamu. Bawa juu, pu! Bawa chini, pa! Kitinda akapita mbele ya pua ya Kenge, akageuka juu, akapanda, akapanda hata kwa mama yake. Kenge akafunga kinywa, kap! Akajiuma ulimi.

"Haa!" asema Bi Kidomo pale tawini. "Mtoto wa ndani anarukaje vile? Nani kamfundisha?" Akainama aone vizuri. Akainama zaidi. Tawi likasema kwaaa! Bi Kidomo akaanguka chini, puu!

Kumbukeni, siku zote hizi naye alikuwa amekaa. Yeye na kuonja kwake. Akainua bawa. Bawa likafika nusu ya njia, likarudi.

"Hondo, mwanangu! Bawa limelala!"

Kenge akafungua jicho moja. "Nimemkosa mjukuu," akasema, "nitampata bibi." Akageuka asimame. Miguu ikasimama, tumbo likabaki chini. Maana naye, wenzangu, kutwa kucha alilala pale anameza makuyu.

Bi Kidomo akakimbia. Nisiwadanganye, hakukimbia, alitembea kwa hofu. Kibata, kibata. Kenge akafuata. Kokoro, kokoro. Wakauzunguka mvule. Bi Kidomo akasimama.

"Ngoja, Kenge, nipumue."

"Pumua, bibi, nami roho iko puani."

Wakapumua.

"Tayari?"

"Bado kidogo."

Konokono akawapita, akawaamkia, akaenda zake.

Mnacheka, lakini meno ya Kenge hayakuwa yamenenepa. Yalikuwa yale yale. Akazidi kusogea. Hondo juu akawa anapiga kelele tu, hajui ashike wapi. Mwanasha akatazama. Alikuwa na kinyongo? Alikuwa nacho, tusifiche. Lakini mkwe ni mkwe, na watoto wale hawakuwa na bibi wa akiba.

"Imbeni!" akasema. "Imbeni wote! Na wewe, Baba Kwanza, imba!"

Bawa juu, pu!
Bawa chini, pa!

Kitinda akaruka mpaka karibu na bibi yake. "Bibi, fanya kama mimi."

"Wewe umejifunzia wapi haya?"

"Humo ndani, bibi. Ulipokuwa ukituambia tulale."

Bi Kidomo akainua bawa. Pu! Akainuka kidogo, akarudi. Pa! Akainuka hadi kwenye nyasi, akarudi. Mkia huku, mkia kule! Kenge akaruka, kap! Akapata unyoya mmoja wa mkia. Na uchungu wa ule unyoya, wallahi, ulimsaidia kuliko wimbo. Bi Kidomo akapanda hadi tawi la chini kabisa, akaling'ang'ania kwa kucha na mdomo.

Kenge akalala pale pale, hoi, unyoya kinywani.

Wakakaa juu ya tawi, ukoo mzima. Bi Kidomo akasema polepole, "Mkwe wangu. Kule ndani, Kwanza hakuwa anakoroma."

"Hapana, mama."

"Nilikukataza kitu kilichoniokoa."

"Ulitupenda, mama. Ila ulitupenda kwa upande wa tumbo tu."

Bi Kidomo akapapasa mahali pa ule unyoya. Kisha akasema, "Na ule mchezo wa kulenga, watoto wananiambia, unachezwaje?"

Wakamwonyesha. Wakajipanga, wakageuka, wakainua mikia. Pyuu! Pyuu! Pyuu! Na ya mwisho, ya bibi, mimi sitaieleza. Kenge alihama mtaa.

Mwaka uliofuata Mwanasha akaingia tena mvuleni, mlango ukazibwa. Hondo akaleta chakula. Na Bi Kidomo akaja tena kusimamia. Ila safari hii hakukaa. Alirukaruka kwenye tawi asubuhi na jioni, akipaza sauti ufani: "Simameni humo! Nawajua, mmelala wima!"

Basi mafunzo ni haya. Mlishe mtoto, lakini mchezeshe pia, nawe cheza naye, na baba acheze, na bibi acheze. Nyumba haiwi ndogo kwa mwenye nia ya kujinyoosha. Na anayekubembeleza ukae tu, unone tu, mtazame kwanza kinywa chake.

Hadithi yangu imeishia hapo, uwongo wake nimeula mimi, utamu wake chukueni ninyi. Sasa inukeni, tukunje mkeka. Shemeji, uache mto huo. Inua mkono. Eeh, wote wawili. Mbona umefika nusu ya njia?