Mama, Maji Yanachoma

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, aliyejifungua mtoto wake wa kwanza kwa upasuaji. Naona akina baba mmeanza kutazama viatu. Inueni vichwa, habari hii ni yenu pia, maana hakuna humu ndani aliyeokotwa njiani.

Mtoto alitoka salama, mama akatoka salama, na mshono ukafunga vizuri hata yeye, ambaye kushona ndiyo kazi yake, akausifu. Ila jambo moja lilimkosesha raha. Juu kidogo ya kovu palikuwa na sehemu ya upana wa kiganja isiyosikia kitu. Akijigusa, vidole vilisikia tumbo, lakini tumbo halikusikia vidole. Mtoto akilala juu yake, alimsikia kifuani na alimsikia mapajani, lakini hapo katikati ilikuwa kama mtoto amelazwa juu ya mtu mwingine. Tunasema kiungo kimekufa ganzi, sivyo? Yule mama alilichukua neno hilo kama lilivyo. Aliamini pamekufa, na kwamba mwanawe alipotoka alipitia mahali ambapo mama yake hatamsikia tena. Wala hakumwambia mumewe.

Mama mkwe alikuja kumwangalia mzazi, kama ilivyo desturi, na hata mkoba hajautua akauliza karai liko wapi. Nesi wa kliniki alikuwa amekataza kukanda tumbo kwa maji ya moto. Lakini mama mkwe alikwisha kuwakanda wazazi kumi na mmoja kwa mikono yake, na yule nesi alionekana hata kuzaa hajazaa, kwa hiyo ushauri wake ulisikilizwa kwa adabu ukaachwa getini. Bibi wa watu alingoja kidonda kifunge, hilo tumpe haki yake. Kilipofunga, akachemsha maji.

Sasa akina mama mnajua kazi hii inavyofanywa. Anayekanda hapimi moto wa maji, anamwuliza mzazi. Mzazi akiruka, anapoza. Mzazi akitulia, anaongeza.

"Moto umekufikia, mwanangu?"

"Bado, mama."

Akalichovya taulo katika maji yaliyotoka jikoni sasa hivi. "Na hapa?"

"Hapo sisikii kitu."

"Basi mwili wako mgumu, hongera," akasema, akaongeza.

Niwaulize, nani alikosea hapo? Mmoja aliuliza kwa upendo, mwingine akajibu kweli tupu. Na kesho yake asubuhi tumbo lilikuwa na malengelenge.

Kliniki, yule nesi hakugomba. Alimsafisha, akampaka dawa, akamweleza kwamba siku ya upasuaji vimishipa vya fahamu vilikatwa ili mtoto apate njia. Vinaota tena, akasema, lakini polepole mno. Kwa wengine ni miezi, kwa wengine mwaka na zaidi, na wengine hubakiwa na kipande kidogo kisichosikia.

"Kwa hiyo hapajafa?" mama akauliza.

"Ngozi iliyokufa haitoi malengelenge, dada yangu."

Alirudi nyumbani na neno hilo. Malengelenge yalipopona, kila Jumamosi alichukua chaki yake ya kukatia nguo, akajigusa taratibu kutoka pembeni kwenda katikati, na pale kusikia kulipokoma akachora mstari. Alitaka kuona mpaka ukisogea. Mama mkwe naye aligoma kurudi kwao. Aliona aibu ya kuondoka akiwa amemchoma mke wa mwanawe. "Kuanzia leo sikuulizi wewe," alisema. "Nauliza kiwiko changu." Akawa anatumbukiza kiwiko kwenye karai, kama anayeandaa maji ya kichanga, na maji yakiwa vuguvugu tu ndipo anamkanda mgongo, miguu, na mwisho tumbo, kwa mkono mwepesi.

Mwezi wa pili, wa tatu, wa nne, mstari wa chaki haukusogea hata upana wa kucha. Mwezi wa tano mama akairudisha chaki kwenye droo ya cherehani.

"Pamekufa, mama. Tuache tu."

"Wewe acha," mkwe akamjibu. "Mimi nina maji yangu hapa."

Ikawa Jumamosi moja katika mwezi wa nane. Mama mkwe akakamua taulo, akaliweka tumboni kama kawaida, huku akilalamikia bei ya vitunguu.

"Mama, maji yanachoma."

Bibi akaruka, akatupa taulo. Akatumbukiza kiwiko. Maji yalikuwa vuguvugu, ungeweza kumwogeshea mtoto wa siku moja. Akalirudisha taulo polepole.

"Yanachoma, mama. Yanachoma kwelikweli."

Akafungua kinywa aombe msamaha, kisha akamtazama yule binti usoni. Alikuwa analia na kucheka.

"Unasikia?"

"Nasikia."

Mama mkwe aliketi palepale kwenye sakafu ya bafu, na kitenge chake ndani ya maji, akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani tena amejifungua.

Wapendwa, tuje kwetu sisi. Humu tunaye aliyezika mwaka huu. Tunaye aliyeachwa. Tukimkuta mlangoni tunamwuliza, "Unaendeleaje?" naye anajibu, "Salama tu." Na hasemi uongo, hasikii kitu. Nasi tunasema una moyo mgumu, hongera, tunamtwika kamati nyingine, tunampa na ratiba ya kupika. Tunamwongezea maji yanayochemka kwa sababu amesema bado. Kwa nini tunamwuliza yeye, wakati viwiko tunavyo?

Na wewe uliyekwisha kuiweka chaki kwenye droo, nisikilize. Uliomba, ukajipima, ukaona mpaka uko palepale. Hapajafa. Lakini usidhani kusikia kutarudi na raha. Kutarudi kukiuma. Utaimba wimbo uliouimba miaka mingi bila kuhisi lolote, na hutafika ubeti wa pili. Utakutana na jina la yule uliyempoteza kwenye simu na utalia sokoni mbele ya watu. Utadhani umerudi nyuma, kumbe hapo ndipo panapoota.

Yule mama bado ana kipande cha ukubwa wa kidole gumba kisichosikia, na hakifichi. Mtoto anatembea sasa, na akimpanda tumboni humkanyaga kwa visigino. Humwumiza, na mama hamshushi.

Basi leo tukitoka, ukimwuliza mtu hali yake hapo mlangoni, na yule aliyekuwa akikujibu "salama tu" mwaka mzima akakuambia, "Inauma," usikimbilie kumnyamazisha. Mpigie kigelegele kwanza.