Bima Kubwa ya Shekiondo

Shekiondo, mlinzi wa shamba la kuku, alikuwa na maneno mengi kuliko meno. Siku moja goti lilimvimba kama fenesi, akajikokota mpaka zahanati ya Daktari Mahimbo.

"Una bima?" daktari akauliza hata kabla ya salamu.

"Kwani kuna tofauti?"

"Kubwa! Asiye na bima namfunga bandeji, elfu tano, kwaheri. Mwenye bima namtibu mpaka apone, laki nane."

"Basi ninayo, tena nono."

Daktari akachangamka. Shekiondo akapigwa picha goti, kifua na meno. Akapimwa mpaka mimba. Akatolewa maji gotini, akalazwa chumba chenye feni, akaletewa supu.

Siku ya tatu goti lilikuwa limenywea. Daktari akanyoosha mkono. "Haya mzee, kadi ya bima."

Shekiondo akampa karatasi iliyonuka kuku. Daktari akasoma: "Wafanyakazi wa shamba langu, simkatii mtu bima. Mkiugua, bima yenu ni mimi. Daktari Mahimbo."

"Miaka miwili nalinda kuku wako, bosi, hujawahi kuniangalia usoni," Shekiondo akasema, akijivutia shuka. "Sasa, supu ya leo bima inalipia?"