Kipimo cha Nchi Nne

"Mvunja kipimo cha wengi huuza chake bure." Mmeisikia leo ikisemwa, nanyi mwataka kujua ilikotoka. Methali hii ilianza hivi.

Nchi nne zenye visima vya mafuta zilifanya umoja. Awali kila moja ilichimba ipendavyo, mafuta yakazagaa sokoni na bei ikaanguka. Basi zikapatana kila nchi iwe na kipimo chake cha kuchimba, isikizidishe. Bei ikapanda, watu wakapata nafuu.

Mjumbe wa Kilimbo, nchi ndogo kuliko zote, alikuwa Mbaruku Sefu, mtu wa maneno machache. Bi. Tunu, mjumbe wa Uzamiro, ndiye aliyempokea tangu kikao cha kwanza. Walizoeana hata wakaitana ndugu.

Mwaka mmoja mvua ilikosa Kilimbo, njaa ikaingia. Waziri wa nchi hiyo akamwita Mbaruku, akamwambia visima vitafunguliwa kupita kipimo, kwa siri, naye aende kikaoni akaape kwamba hakuna kilichozidi. Mbaruku alijua angeweza kuwaeleza wenzake shida ya nchi yake, wakamwongezea kipimo. Lakini aliogopa kupoteza cheo, akanyamaza.

Kikaoni minong'ono kwamba Kilimbo inazidisha ilikwisha kuanza. Bi. Tunu akasimama.

"Huyu namjua," alisema. "Akisema hawajazidisha, hawajazidisha."

Mbaruku akainamisha kichwa, akaapa.

Haukupita muda, meli za Kilimbo zikaonekana zikishusha mafuta kupita kipimo bandari za mbali. Umoja ukavunjika. Kila nchi ilifungua visima vyake vyote, kwa hasira na kwa hofu ya kuachwa nyuma. Bei ikaporomoka hata isilipe gharama ya kuyachimba. Kilimbo ikauza mengi, ikapata kidogo kuliko mwanzo, na njaa ikabaki pale pale. Kule Uzamiro hospitali zilikosa dawa na vifaa. Hemedi, kaka yake Bi. Tunu, aliyekuwa akisafishwa damu kwa mashine, akafa mashine zilipokwama.

Mbaruku alikwenda kuhani. Alimkuta Bi. Tunu mkekani kati ya waombolezaji, akamwomba radhi. Yule mama akasema polepole:

"Mngetuambia mna njaa, Bwana Mbaruku, tungepunguza vipimo vyetu tuwape. Umevunja kipimo cha wengi, na chako umekiuza bure."

Hakumtukana wala hakumfukuza. Aliagiza aletewe kahawa kama mgeni yeyote. Mbaruku aliishika ile kahawa mpaka ikapoa, kwa kuwa siku zote alikuwa akiitwa ndugu, na sasa alikuwa bwana.

Waliokuwapo matangani waliyachukua maneno yale, yakaenea. Basi mtu akikwambia mvunja kipimo cha wengi huuza chake bure, jua kuna kaburi nyuma ya maneno hayo.