Kinyozi wa Mfalme na Tone la Damu

Isome taratibu hata kama una haraka, kisha mtumie yule unayemjua, ambaye tumbo humkata kabla jambo lenyewe halijatokea.

Mbarouk alikuwa kinyozi hodari wa sokoni, mpaka siku alipoitwa kumnyoa mfalme. Mzee Faki, kinyozi wa mfalme aliyemfundisha Mbarouk kazi, macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hivyo nafasi ikamwangukia yeye. Mji mzima ulijua sharti: kinyozi atakayemtoa mfalme damu, hata tone moja, anahama mji siku hiyo hiyo yeye na familia yake. Na mke wa Mbarouk alikuwa na mimba ya miezi minane.

Usingizi ukamruka. Mkono ukawa unatetemeka hata akishika kijiko cha uji. Akaenda kwa mwalimu wake.

"Mkono ni wako," Mzee Faki akamwambia. "Damu ya mfalme si yako. Shughulika na kilicho chako."

"Kama damu si yangu, mwalimu, mbona ikitoka nahama mimi?"

"Hata kuhama si juu yako. Nenda kanoe wembe."

Mbarouk akarudi nyumbani amechanganyikiwa zaidi kuliko alivyokwenda. Alidhani ule ukungu wa macho umeshamfika mzee akilini. Hata hivyo wembe aliunoa, maana hakujua afanye nini kingine.

Ijumaa asubuhi akasimama mbele ya kiti cha mfalme. Povu limeshapakwa, wembe uko mkononi.

"Unatetemeka," mfalme akasema.

"Naogopa, mtukufu. Nisamehe."

"Lete mkono."

Mfalme akauweka kifuani pake. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio. Mbarouk hakuelewa kitu. Mtu mwenye askari mlangoni anaogopa nini?

"Baba yangu alichinjwa kwenye kiti hiki," mfalme akasema. "Tangu hapo, kila Ijumaa niko hivi. Wembe unao wewe, siwezi kuuongoza. Changu ni kutogeuza shingo. Haya, nyoa."

Mbarouk akanyoa. Shavu la kulia likapita salama. Chini ya kidevu wembe ukateleza, na tone jekundu likachomoza kwenye povu.

Akaliangalia. Lile aliloliogopa wiki nzima lilikuwa limeshafika, na cha ajabu, mkono ukatulia. Shavu la kushoto lilikuwa bado. Akapangusa damu, akaendelea, akamaliza vizuri kuliko alivyowahi kumnyoa mtu yeyote. Kisha akaweka wembe chini, akangoja hukumu yake.

Mfalme akajitazama kwenye kioo.

"Mzee Faki alinikata mara tatu," akasema. "Mara zote tatu alimaliza kunyoa. Ninaowahamisha ni wale wanaoona damu wakatupa wembe na kukimbia, maana hao siwezi kujua kama walikuja kuninyoa au kuniua. Njoo Ijumaa ijayo."

Funzo: Kutetemeka si kosa, na litakalotokea haliko mikononi mwako. Kilicho chako ni shavu lililobaki, linyoe.