Hakimu Kenge na Yai la Serikali

Ngano, ngano, jamani!

Ilete, tumeshakaa!

Iingie wapi?

Masikioni, itulie moyoni!

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa na mfalme na mahakama kama watu, alikuwepo wakili mmoja, Nungunungu. Alikuwa mfupi, mnene, na alitembea akichakarisha miiba yake, cha-cha-cha, hata ukimsikia unajua kesi inakuja.

Basi siku moja mayai ya serikali yakaibiwa ghalani. Yalikuwa mayai ya kanga, yamewekwa kwa karamu ya Mfalme Nyati. Likabaki yai moja tu. Kabla jua halijapanda, askari wakawa wamemkamata Bi Digidigi. Kwa nini yeye? Kwa sababu alikuwa akipita, na kwa sababu ni mdogo. Serikali ikiaibika, hutafuta mdogo anayepita.

Hakimu alikuwa Kenge. Akasema, "Akipatikana na hatia, ngozi yake itawambwa ngoma."

Bi Digidigi akaomba aitiwe Nungunungu, naye akaja. "Baba wakili, nina mtoto bado ananyonya. Nisaidie."

"Jikaze, mama. Twende."

Siku ya kwanza Nungunungu akasimama. "Mheshimiwa, mshtakiwa hula majani. Yai hajapata kulionja."

Kenge akajibu, "Hajaonja, ndiyo maana alitaka kuonja. Kesi iahirishwe."

Siku ya pili Nungunungu akaleta mashahidi. Kwale na Swala wakaapa kwamba siku ya wizi walikuwa na Bi Digidigi malishoni.

Kenge akajibu, "Hawa wanakunywa mto mmoja na mshtakiwa. Ni jamaa zake hawa. Ushahidi naukataa."

Wanyama wakatazamana. Mto ulikuwa mmoja tu nchi nzima, hata hakimu alikunywa humo humo.

Kenge akainama, akamwambia wakili taratibu, "Ukizidi kunisumbua, nitakung'oa miiba, mmoja mmoja."

Nungunungu akarudi nyumbani. Alikuwa na hofu, tena hofu kubwa. Lakini njiani akakumbuka jambo: kila lilipotajwa neno "yai", ulimi wa Kenge ulitoka, ukalamba mdomo, ukarudi.

Siku ya tatu Mfalme Nyati akaja mwenyewe kusikia hukumu. Mahakama ikafurika, wengine wakaning'inia madirishani.

Nungunungu akasema, "Mheshimiwa, naomba kielelezo. Lile yai lililobaki liletwe, liwekwe mbele yako, maana hapa hakuna mwaminifu kukushinda wewe."

Kenge akafurahi kusifiwa mbele ya mfalme. Yai likaletwa, zima, linang'aa. Ulimi ukatoka, ukarudi.

Nungunungu akaanza kusema. Akasema, akasema, saa ya chakula ikapita. Akalitaja yai likiwa bichi, akalitaja likiwa na joto la mama yake. Ulimi ukatoka, ukarudi. Ukatoka, ukarudi.

Ghafla akageuka, akanyoosha mkono dirishani. "Mfalme wangu, na ninyi nyote, litazameni ghala lile! Mlango una kufuli, halikuvunjwa. Tundu liko moja, juu kabisa chini ya paa. Bi Digidigi alipandaje ukuta?"

Wote wakageuka kutazama. Nyuma yao kukasikika, gubu!

Walipogeuka tena, yai halipo.

Nungunungu hakuuliza yai liko wapi. Akainama kwa adabu. "Nimemaliza, mheshimiwa. Tusomee hukumu."

Kenge akafungua kinywa. Sauti haikutoka. Shingoni mwake kulikuwa na uvimbe wa mviringo, umekwama, haushuki wala haupandi.

Mfalme akasimama. "Ni nani hapa ajuaye kupanda ukuta?"

Macho yote yakaenda shingoni mwa hakimu. Askari wakatumwa kwenye shimo la Kenge. Wakarudi na maganda, kikapu kimejaa.

Kenge akavuliwa joho, akafukuzwa nchini. Bi Digidigi alikwisha kutoka mbio bila kuaga, anamwahi mwanawe. Na serikali? Ikatangaza kwamba ilikuwa ikimshuku Kenge tangu mwanzo. Nungunungu akasikia tangazo, akacheka mpaka miiba ikachakarika.

Ngano hii yatufunza: mwizi akipewa kiti cha kuhukumu, wasio na hatia ndio watakaofungwa. Lakini tamaa haina siri, mpe nafasi itajitaja yenyewe.

Ngano yangu naitua hapa. Tamu yake chukueni, chungu yake niachieni.